Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Upatanisho wa Kiima na Kitenzi katika Kiingereza

Maswali haya hurudi tena na tena kutoka kwa watu wanaojifunza Kiingereza huku Kiswahili kikiwa ndiyo lugha yao ya kila siku. Mifano ya Kiingereza imewekwa ndani ya alama za kunukuu.

Upatanisho wa kiima na kitenzi ni kitu gani hasa?

Ni kanuni inayotaka kitenzi kifuate kiima chake katika nafsi na idadi. Mzungumzaji wa Kiswahili anaijua kazi hii tangu utotoni, tena katika sura ngumu zaidi: kitabu kimeanguka, vitabu vimeanguka, mti umeanguka, miti imeanguka. Kiingereza hakina ngeli. Kinauliza mambo mawili tu: anayesemwa ni nani, na ni mmoja au wengi?

Na hata hayo mawili hayaonekani kila mahali. Katika wakati uliopo, kitenzi cha kawaida kina maumbo mawili, “work” na “works”. Lenye s ni la nafsi ya tatu umoja peke yake, yaani “he”, “she”, “it”, au nomino yoyote unayoweza kuiondoa na kuweka mojawapo ya hayo. Wakati uliopita ni mwepesi zaidi, kwa kuwa “she worked” na “they worked” havitofautiani. Kitenzi pekee kinachobadilika huko ni “be”: “was” kwa “I, he, she, it”, na “were” kwa waliobaki.

Sasa kwa nini mtu anayezimudu ngeli zote anakosea kitu chepesi namna hii?

Kwanza, alama yenyewe imekaa mkiani. Sikio letu limezoea kuupata upatanisho mwanzoni mwa kitenzi, kwenye a-, wa-, ki-, zi-. Tena maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo konsonanti ya mwisho humezwa kirahisi, hasa neno linalofuata likianza na konsonanti nyingine: “she works there” husikika kama “she work there”, na mtu huandika alivyosikia.

Pili, s hiyohiyo kwenye nomino huleta wingi, ilhali kwenye kitenzi huleta umoja. Ndipo mwanafunzi anaandika “The boys plays”, akidhani s mbili zinapatana. Walimu wengi hufundisha hila ya s moja: ikikaa kwenye nomino, haikai kwenye kitenzi, na kinyume chake. “The boy plays”, “The boys play”. Hila hii inafaa kwa wiki za mwanzo, lakini isitegemewe. “The children play” haina s hata moja, na “The bus stops here” inazo mbili, na zote ni sahihi. Afadhali uulize: je, kiima hiki naweza kukiita “he”, “she” au “it”? Kama ndiyo, kitenzi kinadai s.

Tatu, na hili halisemwi vya kutosha: neno letu “ni” halibadiliki kabisa. Kitabu ni kizuri, vitabu ni vizuri, mimi ni mwalimu, ninyi ni walimu. Kiingereza kinaligawa katika “am”, “is” na “are”, na hapo Kiswahili hakikupi msaada wowote.

Hiyo s ilitoka wapi?

Kiingereza cha kale kilikuwa na miishio mingi ya vitenzi, kila nafsi ya umoja na wake, na nafsi za wingi na wao mmoja. Karne zikapita, mingi ikadondoka. Kusini mwa Uingereza nafsi ya tatu umoja iliishia na -th, kama “hath”, “doth”, “goeth”. S ilikuwa ya watu wa kaskazini, ikashuka kusini polepole. Biblia ya King James ya mwaka 1611 bado imejaa -eth, na Shakespeare, aliyeishi wakati huohuo, alitumia -th na s zote mbili.

Historia hiyo inajibu pia swali la “you are”. Zamani mtu mmoja aliitwa “thou”, na “you” lilikuwa la watu wengi. “Thou” likafifia, “you” likabaki na kazi zote mbili, likaendelea kuvaa kitenzi chake cha wingi. Ndiyo maana hata ukisema na mtu mmoja ni “you are” na “you were”.

Kwa maana ya sentensi, s hii haibebi mzigo wowote. Katika lahaja ya jadi ya East Anglia, mashariki mwa Uingereza, watu husema “she go” na wanaelewana vizuri. Lakini katika mtihani au barua ya kazi, kukosekana kwake ndiko kunakoonekana mapema kuliko makosa mengine.

Mbona “he can” haina s?

Kwa sababu “can, could, may, might, must, shall, should, will, would” haziipokei kamwe. Kadhaa kati ya hizi, kama “can”, “may” na “shall”, asili yake ni maumbo ya wakati uliopita yaliyohamia wakati uliopo, na wakati uliopita haukuwa na alama hiyo. Kitenzi kinachofuata nacho hubaki kitupu: “She can swim”, kamwe si “She can swims”.

“Do” ni tofauti kidogo. Yenyewe huichukua s, lakini ikishaichukua hakuna mwingine anayeihitaji. “Does she work here?” ni sahihi, “Does she works here?” ni kosa. Vivyo hivyo “She doesn’t know”, si “She doesn’t knows” wala “She don’t know”.

Kiima kikiwa kirefu, nitajuaje neno gani ndilo linaloamuru kitenzi?

Hapa ndipo hata Waingereza huanguka. Tazama: “The quality of the photographs taken by the students was poor.” Kabla ya kitenzi zimepita nomino tatu, na mbili zilizo karibu nacho ni za wingi, “photographs” na “students”. Masikio yanataka “were”. Lakini kilichokuwa duni si picha wala wanafunzi. Ni “quality”, na hiyo ni moja.

Mwaka 1991 wanasaikolojia Kathryn Bock na Carol Miller walichapisha majaribio ambamo watu walikamilisha sentensi zenye mianzo kama “The key to the cabinets”. Iligundulika kwamba nomino ya wingi iliyo karibu huvuta kitenzi kwenye wingi, ingawa kiima halisi ni cha umoja. Kinyume chake, yaani nomino ya umoja kukivuta kitenzi cha wingi, hutokea mara chache zaidi. Kwa hiyo ukikagua maandishi yako, anza na sentensi zenye kiima cha umoja kilichofuatwa na nomino ya wingi.

Dawa ya kawaida ni kukata kila kitu kuanzia “of”, “to”, “in” au kihusishi kingine, kisha kusoma kilichobaki: “The quality was poor.” Lakini mzungumzaji wa Kiswahili ana kipimo bora zaidi, na ni ajabu kwamba hakifundishwi. Iseme sentensi kwa Kiswahili, kisha tazama kitenzi kinavaa kiambishi gani: *ubora wa picha zilizopigwa na wanafunzi ulikuwa duni*. Hakuna atakayesema “zilikuwa” wala “walikuwa” akimaanisha ubora. Kiambishi u- kimeshakuonyesha kiima. Jaribu nyingine: *orodha ya vitabu imepotea*, hivyo “The list of books has been lost”.

Zingatia tu kwamba kipimo hiki hujibu swali la kwanza, la kiima ni kipi. La pili, la kiima hicho ni kimoja au vingi, inabidi ukiulize Kiingereza chenyewe, kwa maana huko Kiswahili kinaweza kukupotosha vibaya, kama inavyoonekana katika jibu linalofuata.

Kwa nini “The news are good” ni kosa, na habari ni nyingi?

Kwa sababu Kiingereza hakizioni nyingi. “News” haihesabiki na daima ni ya umoja, s yake isikubabaishe: “The news is good.” Ndivyo ilivyo pia kwa “mathematics”, “physics”, “politics” kama somo, na “measles”, yaani surua.

Mtego wenyewe ni mpana kuliko neno hilo moja. Kiswahili kina nomino nyingi zinazovaa upatanisho wa wingi ambazo kwa Kiingereza ni kitu kimoja kisichohesabika. Maji yanachemka, lakini “The water is boiling”. Maziwa yameharibika, “The milk has gone bad”. Nywele zake ni ndefu, “Her hair is long”. “Hairs” hutumika ukihesabu unywele mmojammoja, kama zile mbili zilizonasa kwenye shati. Mazingira yanaharibiwa, “The environment is being destroyed”. Maarifa yanahitajika, “Knowledge is needed”. Maendeleo yamekuwa ya polepole, “Progress has been slow”. Mizigo yako imefika, “Your luggage has arrived”. Taarifa zimepatikana, “The information is available”, na tafadhali usiandike “informations”. “Advice”, “equipment”, “furniture”, “homework” na “evidence” zimo humohumo.

Maneno haya hayana kanuni ya kuyakisia. Yanajifunzwa moja moja, na njia inayokaa kichwani ni kulikariri neno pamoja na kitenzi chake: si “luggage” peke yake, bali “the luggage is”.

Na kinyume chake kipo? Kitu kimoja kwetu, vingi kwao?

Kipo, hasa kwa vitu vyenye pande mbili. Suruali imechanika, “The trousers are torn”. Miwani yangu imevunjika, “My glasses are broken”. Mkasi uko wapi, “Where are the scissors?” Ukitaka umoja, weka “pair” mbele, na hapo hilo ndilo litakaloamuru: “This pair of scissors is sharp.”

“Police” pia ni ya wingi siku zote. Sisi tunaweza kusema polisi amefika au polisi wamefika. Kiingereza ni “The police have arrived” tu, na akiwa mmoja huitwa “police officer”. “People” na “cattle” hufuata mkondo huo.

“The team is” au “The team are”?

Inategemea unaandikia nani. Marekani hutumia umoja karibu kila mara kwa “team”, “government”, “committee”, “family” na “company”. Uingereza hukubali vyote viwili: umoja kundi likionekana kama kitu kimoja, “The committee has met”, na wingi likionekana kama watu binafsi, “The committee are still arguing”. Magazeti ya michezo ya Uingereza hupenda wingi sana.

Kwa anayejifunza, nashauri umoja. Unakubalika pande zote, na unaendana na tulivyozoea: serikali imesema, kamati imekubali, timu imeshinda. Cha kuepuka ni kuchanganya. Ukianza na “The team is”, usimalize aya na “they were” kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jina “the United States” nalo ni la umoja siku hizi. Halikuwa hivyo zamani: Rekebisho la 13 la Katiba ya Marekani, la mwaka 1865, linapoitaja nchi hiyo linasema “their jurisdiction”, kwa wingi.

“As well as” na “together with” si sawa na “and”?

Si sawa, na hapa usifuate Kiswahili. Sisi twaweza kusema *mwalimu pamoja na wanafunzi wake wamefika*, kwa wingi. Kiingereza rasmi kinadai “The teacher, together with the students, has arrived”. Maneno yaliyo kati ya mikato hayahesabiwi. “As well as”, “along with”, “in addition to” na “including” hufuata kanuni hiyohiyo.

“And” ndilo linalounganisha na kuleta wingi: “The teacher and the students have arrived.” Isipokuwa vitu viwili vikihesabiwa kuwa kimoja. “My friend and colleague is here” ni mtu mmoja mwenye sifa mbili. “My friend and my colleague are here” ni wawili. Na “every” ikitangulia, umoja hushinda: “Every boy and girl has a book.”

Na “or” je, au “neither … nor”?

Kitenzi hufuata kilicho karibu nacho. “Neither the captain nor the players were ready”, lakini “Neither the players nor the captain was ready”. Weka cha wingi mwisho na sentensi itasikika vizuri. “Either you or I am wrong” ni sahihi kikanuni, ila kila aisikiaye hukunja uso. Iandike upya, “One of us is wrong”.

“Everyone”, “each”, “none”: umoja au wingi?

“Everyone”, “everybody”, “someone”, “nobody”, “each” na “every” ni umoja, kama kwetu: kila mtu amefika, “Everyone has arrived”. Usiyumbishwe na “of”: “Each of the students has a desk.”

“None” ina watetezi wakali wanaodai ni lazima iwe umoja. Sikubaliani nao. Waandishi wazuri wameitumia pande zote mbili kwa karne nyingi. Tazama kinachofuata: “None of the water is clean”, “None of the books are mine”. Ukiandikia mkaguzi mkali, tumia “None of the books is mine”, hatakuwa na la kusema. Kipimo hicho cha kutazama kinachofuata “of” ndicho cha “half”, “most”, “some”, “all” na asilimia: “Fifty percent of the land is dry”, “Fifty percent of the students are absent”.

Tofauti ya “a number of” na “the number of”?

“A number of” maana yake ni kadhaa, kwa hiyo wingi: “A number of students are absent.” “The number of” ni idadi yenyewe, umoja: “The number of students is rising.” Idadi inaongezeka, wanafunzi kadhaa hawapo, kiambishi cha Kiswahili kinakuonyesha njia tena.

Umbali, muda na fedha vikitajwa kama kiasi kimoja huwa umoja: “Ten kilometres is a long way”, “Five years is enough”.

“There is” au “there are”?

Neno letu “kuna” halibadiliki, kuna mtu, kuna watu, na ndiyo sababu wengi hung’ang’ania “there is” kwa kila kitu. Kiingereza huangalia kinachokuja baada ya kitenzi: “There is a problem”, “There are two problems”. Utawasikia wenye lugha wakisema “There’s two problems”. Katika mazungumzo inapita. Usiiandike kwenye kazi rasmi.

“One of the students who speak” au “who speaks”?

Swali hili huwagawa hata wahariri, lakini viambishi rejeshi vyetu hulitatua haraka. *Yeye ni mmoja wa wanafunzi wanaozungumza Kifaransa*: wanaozungumza ni wanafunzi, wengi, hivyo “She is one of the students who speak French”. *Ni yeye peke yake kati ya wanafunzi anayezungumza Kifaransa*: anayezungumza ni mmoja, “She is the only one of the students who speaks French”. Ukishindwa kuamua, angalia kama ungesema anaye- au wanao-.

“They” ikimaanisha mtu mmoja, kitenzi ni kipi?

Cha wingi, daima. “Someone has left their bag; they are probably looking for it.” Si mtindo wa jana: matumizi hayo yameonekana katika maandishi tangu karne ya 14.

“Data is” au “data are”?

Zote. Majarida mengi ya sayansi hupenda “are”; kwingineko “is” imeshinda. “Criteria” na “phenomena” hazina mjadala: ni wingi, na umoja wake ni “criterion” na “phenomenon”.

Nimesoma “I suggest that he go”. Si kosa la chapa?

Si kosa. Baada ya “suggest”, “demand”, “insist” na vitenzi vingine vya kutaka jambo lifanyike, kitenzi hubaki kitupu bila s kwa nafsi zote. Sisi tunafanya jambo la jinsi hiyo kwa irabu ya mwisho: anakwenda, lakini *napendekeza aende*. Waingereza wengi huikwepa kwa “I suggest that he should go”. Jamaa wa umbo hilo ni “If I were you”, ambapo “was” husikika sana mitaani ila maandishi rasmi bado yanaikataa.

Kama ni “I am”, kwa nini wanasema “aren’t I?”

Kwa sababu “am not” haikupata kifupisho kinachokubalika kote. “Amn’t” ipo, na utaisikia Ireland na Scotland, lakini haikuenea kwingine. “Ain’t” iliwahi kuijaza nafasi hiyo, kisha ikapigwa vita na wanasarufi hadi ikahesabiwa lugha ya ovyo. Ikabaki “I’m late, aren’t I?”, ambayo inavunja kanuni ya upatanisho waziwazi na hakuna mkaguzi anayeigusa. Bila kifupisho kanuni hurudi mahali pake: “I am late, am I not?”, na si “are I not”.